Eti Kasoma Sana Mpaka Kachanganyikiwa?

Umeshawahi kuyasikia maneno hayo mtaani? Mtu yuko chuo kikuu, anarudi nyumbani kanyamaza, kakonda, na majirani wanasema vitabu vimempanda kichwani. Si kweli! Vitabu havimtii mtu wazimu. Kinachoumiza ni mzigo mzito kubebwa na mtu mmoja. Hebu tuuone mzigo wenyewe.

Kazi ya mtafiti
Mwaka 1998 ulianza utafiti mkubwa wa afya wilayani Rufiji, wakati huo Kibiti ikiwa ndani yake. Wadadisi walipita kaya kwa kaya wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Penye kifo walikaa na wafiwa, wakauliza: aliugua lini? Alipelekwa wapi? Majibu hayo husaidia kujua ni maradhi gani yanayoua watu.

Sasa fikiria ni wewe. Asubuhi unamsikiliza mama aliyefiwa na mtoto, mchana mzee aliyefiwa na mke. Jioni unafunga dodoso, lakini huzuni hujaifunga. Naye anayetafiti mikoko kule delta anangoja maji yajae boti ipite, yuko mbali na kwao, pesa zinakwisha, na msimamizi wake chuoni anadai ripoti.

Hayuko peke yake
Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilitoa matokeo ya wanafunzi 2,279 wa shahada za juu kutoka nchi 26. Kati ya kila 100 waliojibu, 39 walikuwa na dalili za sonona za kiasi hadi kali. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo si hesabu ya wanafunzi wote. Lakini ni wengi!

Dalili
• Huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, kwa wiki mbili au zaidi
• Usingizi au chakula kuharibika
• Kujiona huna thamani

Ufanye nini?
Mweleze mtu unayemwamini. Nenda kituo cha afya, sonona inatibika. Rafiki yako akisema hataki kuishi, usimcheke wala usimwache peke yake. Mwambieni mtu mzima, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Jadilianeni darasani
1. Kwa nini mtu huona aibu kusema "nimelemewa"?
2. Kaka yako karudi kutoka chuoni, haongei na mtu. Utaanza kwa kumwambia nini?