Hudhuri ya Moyo kwa Watoto Wetu Siku za Idi



Kila Ramadhani ifikapo kumi la mwisho, mitaa yetu ya bara ya Mombasa huhamia madukani. Wa Likoni huvuka feri, wa Kisauni hupita daraja la Nyali, wa Changamwe hupita Makupa, wote wakielekea kisiwani kutafuta nguo na viatu vya watoto. Hilo si kosa. Kumpamba mtoto siku ya Idi ni jambo jema. Lakini yatupasa tujiulize: tukisha kuuvika mwili wake, moyo wake tumeuvika nini?

Hudhuri ya moyo ni mtu kuwapo kwa moyo pale alipo kwa mwili, akijua kwamba Mwenyezi Mungu amuona. Wako wadhanio kuwa hilo ni la wazee, mtoto haliwezi. Sivyo. Imamu Ghazali katika Ihya amesimulia habari za Sahl wa Tustar, mwanachuoni wa karne ya 3 ya Hijra. Sahl alipokuwa na miaka 3 alikuwa akiamka usiku kumtazama mjomba wake akisali. Mjomba akamfundisha aseme moyoni mara 3, akiwa kitandani, pasi na kutikisa ulimi, kwamba Mungu yu pamoja naye, amuona, na ni shahidi wake. Baada ya masiku akamzidishia zikawa mara 7, kisha 11, hata mtoto akaona utamu wake.

Zingatieni mambo mawili. Mjomba alianza na kidogo, wala hakushika fimbo. Na kabla hajafundisha neno lolote, mtoto alikuwa amekwisha kumuona akisali.

Hapa ndipo tunapokosea, na sisi tuandikao tumo. Magharibi moja ya muandamo, mtoto wetu alituita tukautazame mwezi. Macho yetu yalikuwa katika simu, tukisoma habari za mwezi huo huo. Tukamwambia, "Ngoja kidogo." Tulipotoka, mwezi umekwisha kutua. Mtoto hakulia, lakini mwaka uliofuata hakutuita tena.

Mtume wetu (s.a.w.), juu ya mizigo ya umma wote, alimuuliza mtoto mdogo, Abu Umeir, habari za kindege chake. Je, sisi shughuli zetu zazidi zake?

Basi tufanye haya. Jioni ya muandamo tutoke na watoto, simu zibaki ndani. Mchele wa fitri, mtoto aupime kwa mikono yake, vibaba 4 kwa kila mtu wa nyumba, naye afuatane nasi kuupeleka kwa maskini kabla ya sala ya Idi, apate kujua kuwa furaha yake ina mshirika. Njiani kwenda kusali tulete takbiri pamoja naye, pole pole. Na usiku, baada ya pembea na halua, tumfundishe yale maneno ya Sahl.

Wala tusiigeuze Idi kuwa darasa la kununa. Mtume (s.a.w.) aliwaacha wasichana waimbe nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi. Mtoto na acheze. Tutakalo ni kwamba anapogeuka kututafuta, atukute tupo.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.