CARTAGENA, MJI WENYE KUTA

Fungueni ramani ya Amerika ya Kusini. Upande wa kaskazini, katika nchi ya Kolombia, bahari ya Karibi imeingia ndani ya nchi kavu, ikafanya ghuba kubwa yenye maji matulivu. Penye ghuba hiyo ndipo ulipo mji wa Cartagena. Wahispania waliuanzisha mwaka 1533, kwa sababu merikebu ziliweza kutia nanga pale pasipo kuogopa dhoruba. Siku hizi wakaaji wake ni karibu milioni moja.

Merikebu zilizochukua dhahabu na feza ya Amerika zilipumzika hapo kabla ya kwenda Hispania. Penye asali nyuki hawakosi. Mwaka 1586 Mwingereza Francis Drake aliuteka mji, akachoma nyumba nyingi, wala hakuondoka mpaka alipolipwa mali nyingi. Basi Wahispania wakajenga kuta nene za mawe na ngome juu ya kilima. Kazi hiyo ilidumu karibu miaka mia mbili.

Mwaka 1741 Waingereza walirudi na merikebu zaidi ya 180. Blas de Lezo, mkubwa wa merikebu za mji, alikuwa nazo sita tu, naye mwenyewe alikuwa amekwisha kupoteza mguu mmoja na jicho moja katika vita vya zamani. Lakini ngome ilisimama imara, na homa ya manjano iliwaua askari wa Kiingereza wengi kuliko risasi. Wakaenda zao mikono mitupu.

Nani alibeba mawe ya kuta hizo? Wengi walikuwa watumwa. Cartagena ilikuwa mojawapo ya bandari chache ambamo Wahispania waliruhusu kuuza watu waliotoka Afrika. Katika miaka ya 1600 wengi wao walipakiwa Luanda: watu wa Angola na wa Kongo, wamefungwa minyororo, wamelazwa gizani tumboni mwa merikebu. Wengi walikufa njiani.

Mwaka 1610 alifika kijana mmoja wa Shirika la Yezu, jina lake Petro Claver, akapata upadri mjini humo mwaka 1616. Kila merikebu ya watumwa ilipotia nanga, alishuka pwani akachukua mkate, malimau, dawa na tumbako. Kwanza aliwapa wagonjwa maji, akawaosha vidonda. Mafundisho yalikuja baadaye. Hakujua lugha zao zote, kwa hiyo alikwenda pamoja na wakalimani Waafrika. Wakalimani hao wenyewe walikuwa watumwa wa nyumba ya mapadri, jambo lisilofaa kufichwa. Mmoja wao, Andrés Sacabuche, mtu wa Angola, ndiye aliyeshuhudia baadaye mbele ya waamuzi wa Kanisa mambo aliyoyaona. Padri Claver alikufa mwaka 1654, na Baba Mtakatifu Leo XIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1888. Lakini utumwa haukuisha pamoja naye. Sheria ya kuuondoa katika Kolombia ilitolewa mwaka 1851 tu.

Wengine hawakungoja sheria. Walitoroka, wakaingia porini na kwenye vinamasi, wakajenga vijiji vyenye boma la miti. Kijiji kimoja, San Basilio de Palenque, kiko hata leo, kilometa 50 hivi kutoka Cartagena. Watu wake wana lugha yao wenyewe: maneno mengi ni ya Kihispania, lakini mengine ni ya Kikongo. Ng'ombe humwita *ngombe*, na mtoto humwita *moná*. Mtoto wa Kongo akiyasikia hahitaji mkalimani.

Siku hizi wageni wengi huja Cartagena kutazama kuta, makanisa na nyumba za rangi nyingi. Njiani hukutana na wanawake wenye asili ya Palenque, wamevaa nguo za kung'aa, wamejitwika beseni kubwa la matunda: maembe, mapapai, mananasi. Huyabeba kichwani bila kushika kwa mkono, wakipita karibu na mawe yaliyobebwa na babu zao.

Maswali. Onyesha Cartagena katika ramani. Kwa nini Wahispania waliuzungushia mji kuta? Padri Claver alianza na nini alipofika pwani? Nyumbani kwenu mtoto huitwaje, na ng'ombe je?