Joto la Hewa na Nguvu ya Injini ya Gari

Swali la mfano
Lori limepakia mahindi Kisanga, wilayani Kilosa, linakwenda Iringa. Saa nane mchana linapanda mlima Kitonga kwa gia nzito, na mshale wa geji ya joto unapanda. Alfajiri, lori hilohilo na mzigo uleule hupanda kwa nafuu. Eleza kwa nini.

Jibu lina hoja mbili. Ukitaja moja tu, umepoteza nusu ya alama.

Hoja ya 1: Oksijeni hupungua
Hewa ikipata joto hutanuka, densiti yake hushuka. Silinda huvuta ujazo uleule, lakini wenye oksijeni kidogo. Mafuta yanayoweza kuungua hupungua, na nguvu hupungua.

Kokotoa: alfajiri hewa ina 17°C, mchana 37°C, kanieneo ni lilelile.
T₁ = 17 + 273 = 290 K
T₂ = 37 + 273 = 310 K
Densiti ya mchana ÷ densiti ya alfajiri = 290 ÷ 310 = 0.94
Densiti imeshuka kwa takribani 6%.

Angalia: wengi hugawanya 17 kwa 37. Hapo utapata kwamba zaidi ya nusu ya hewa imepotea! Badili kwanza kuwa kelvini.

Hoja ya 2: Rejeta hupoza kidogo
Joto linalotoka kwenye rejeta hutegemea tofauti kati ya joto la maji na la hewa. Maji yakiwa 90°C:
Alfajiri: 90 − 17 = 73
Mchana: 90 − 37 = 53
53 ÷ 73 = 0.73, yaani upoozaji umepungua kwa takribani 27%. Tena mlimani lori huenda polepole, hivyo upepo unaopita kwenye rejeta ni mdogo. Hapa kelvini si lazima, kwa kuwa tunatafuta tofauti.

Tahadhari
Injini ikichemka, usifungue mfuniko wa rejeta. Maji yaliyo ndani ya kanieneo kubwa huweza kupita 100°C bila kuchemka. Ukifungua, kanieneo hushuka ghafla, maji huchemka papo hapo na kukurukia usoni. Subiri injini ipoe.

Jipime
Maji ya rejeta yana 90°C. Hewa inapanda kutoka 27°C hadi 36°C. Upoozaji unapungua kwa sehemu gani?
(Jibu: 1/7)