Maradhi ya Kudumu, Kazi, na Huzuni Iliyojificha



Mume ana kisukari, mwaka wa nne sasa. Alfajiri huenda zamu kiwandani; jioni hurudi, hula kidogo na kugeukia ukutani. Misani haendi tena na watoto, na mambo ya chumbani ameyasahau. Mke anafikiri kuna mwanamke mwingine. Nyumba nyingi zimevunjika kwa dhana kama hiyo, kumbe bwana ni mgonjwa mara mbili.

Mwenye kisukari hupatwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, karibu mara mbili zaidi ya asiye nacho. Wasiwasi uliopita kiasi mara nyingi huandamana nayo. Tena mfanyakazi ana mzigo wa ziada: huficha sindano msimamizi asione, huruka chakula zamu ikibana, huogopa kufutwa. Moyo ukizama huacha dawa. Sukari ikipanda, moyo huzama zaidi.

Kupima huku hakutaki damu wala mashine, ni maswali tu. Ya kwanza ni mawili: katika majuma mawili yaliyopita, ni mara ngapi umekosa hamu au furaha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 3, huulizwa maswali 9 yenye upeo wa alama 27. Kuanzia 10, daktari huchunguza zaidi. Wasiwasi una maswali yake 7.

Lakini alama si hukumu. Uchovu na usingizi mbaya vyaweza kuletwa na kisukari chenyewe. Sukari ikishuka ghafla mtu hutetemeka, hutoka jasho na moyo humdunda, utadhani ni hofu. Basi pimeni sukari kwanza. Nguvu za kiume nazo hupunguzwa na kisukari, na sonona, hata na baadhi ya dawa za sonona. Mwambieni daktari bila haya, ameyasikia mengi.

Mama, mfuate kliniki, ila usimjibie. Swali la 9 lahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Asipojibu "hapana kabisa", aonane na daktari siku hiyo hiyo, wala msimwache peke yake. Wako wasemao kwamba huyu amepungukiwa imani, azidishe rozari. Mimi sikubaliani nao. Padre ataleta Mpako wa Wagonjwa kwa aliyeugua sana, na daktari atafanya kazi yake; Kanisa haliwagombanishi.

Na kazini? Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hiyo karatasi ya maswali si ya msimamizi. Mwajiri aombwe vitu vya kawaida: nafasi ya kula kwa saa yake, na ruhusa ya siku ya kliniki. Bwana akiona haya kuomba, iandikeni barua hiyo pamoja, watoto wakisha kulala.