Hiba ya Mzazi kwa Mwanawe

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa kupeana zawadi ni sunna. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii hiba haifungi kwa ulimi mtupu, mpaka apewaye aikabidhi kwa idhini ya mwenye kutoa. Sayidna Abubakar alimpa binti yake Bibi Aisha, Mungu awawie radhi, tende wasaki 20 katika mali yake ya Ghaba (wasaki moja ni pishi 60). Bibi hakuwahi kuzivuna. Yalipomhudhuria mauti, mwaka 13 wa Hijra, baba akamwambia ya kuwa leo ni mali ya warithi. Basi wewe usemaye, “Minazi ile ni ya mwanangu fulani,” nawe waila nazi zake hata kufa kwako, umempa nini ila ugomvi na nduguze? Mwachie aangue, nawe u hai na afya. Tena wape wote sawasawa, waume kwa wake. Kupendelea pasipo haja ni makuruhu, na Mahanbali wameharimisha. Aliyekwisha kupendelea aweza kurejea, maadamu mali imo milkini mwa mwana. Akisha kuiuza, haki hiyo imekatika.