Usimpelekee Mgonjwa Sigara
Kijitabu cha nyumba za Loresho na Kangemi

Siku ya kulazwa
Mtu wenu akilazwa, iwe Kenyatta, Mbagathi au hospitali ya kulipia, mwambieni nesi siku hiyo hiyo kwamba anavuta, na ni sigara ngapi kwa siku. Tajeni ugoro na shisha pia. Msione haya. Zipo dawa ambazo kipimo chake hubadilika mtu akiacha kuvuta, na daktari asiyeambiwa atajuaje?

Siku tatu za kwanza
Hapa ndipo familia hulegea. Mgonjwa atakuwa mkali, hatalala, atamgombeza hata aliyemletea uji. Ataapa kwamba sigara moja tu itamtuliza. Mara nyingi ni mwili unaodai nikotini. Lakini mwambieni nesi, asije akawa na jambo jingine. Hamu ikimpanda haikai, ni dakika chache tu. Mpeni maji, mpigisheni gumzo, mtembezeni koridoni kama ameruhusiwa. Muulizeni daktari kuhusu plasta au chingamu ya nikotini. Msimpe chochote kwa siri.

Usimpelekee sigara
Kila saa ya kutazama wagonjwa inapita sigara ya kioski, imefichwa kwenye mfuko wa ndizi. Mtu amemaliza wiki bila kuvuta, ndugu yake mwenyewe anamrudisha mwanzo, eti ni huruma. Usimpelekee. Akilia, usimpelekee. Akiwa ni baba yako na unaona vibaya kumkatalia, sema, "Mzee, daktari amekataa," lawama zimwendee daktari, sisi tumezizoea.

Karibu na oksijeni, cheche moja inaweza kuunguza kitanda na aliyelala juu yake. Aliyepasuliwa akivuta, kidonda chake hukawia kupona. Mwenye TB akivuta, matibabu yake huwa magumu zaidi. Kujificha chooni hakusaidii: Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta hospitalini, na faini hufika shilingi 50,000, au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili.

Nawe mwenye kibanda nje ya geti, ukiona mtu amevaa nguo za wodi, usimuuzie.

Usimpelekee hata moja.

Shisha
Si dawa ya kuacha sigara, na Kenya iliipiga marufuku Desemba 2017.

Akirudi nyumbani
Kabla hajafika, ondoeni viberiti, visahani vya majivu na pakiti iliyosahaulika kwenye koti. Anayevuta hapo nyumbani avutie nje, mbali naye. Ikiwezekana waache wote wawili. Kwa wiki kadhaa asipite njia ya kioski chake cha kila siku, wala asikae na wenzake wa kuvuta. Akiteleza, msimsute. Aanze tena saa hiyo hiyo, asingoje Jumatatu.

Msaada
Mkikwama, rudini kliniki, au pigeni 1192, laini ya NACADA. Haina malipo. Pigeni hata kama mgonjwa bado yuko wodini.