Namba Ikidanganya: Kukagua Msimbo wa Zana ya Kupima Mashine Pepe

Wasomi wenzangu, tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kuandika programu. Kusoma programu ya mwenzako kwa jicho la mkaguzi hatufundishwi sana. Ukiletewa msimbo unauwasha, unaona unakwenda, unasema "iko poa", basi, kila mtu anarudi hosteli. Kwa programu nyingi za darasani pengine hiyo inatosha. Kwa programu ya kupima, haitoshi hata kidogo.

Sababu ni hii. Programu ya kawaida ikiharibika inalalamika: inagoma kuwaka, au inazimika katikati ya kazi. Programu ya kupima ikiharibika inakupa namba. Namba yenyewe nzuri tu, ina desimali mbili, imekaa kwenye jedwali, na wewe unaibeba moja kwa moja hadi sura ya nne ya ripoti ya mradi wako. Ni sawa na mizani ya sokoni iliyochezewa: haipigi kelele, inasoma kilo kama kawaida. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hawamuulizi muuza nyama kama mizani yake inafanya kazi. Wanakuja na mawe yao wenyewe.

Nichukue mfano ninaoupenda, zana ya kupima mashine pepe.

Mgeni na mwenyeji

Mashine pepe ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Kwenye Linux kazi hiyo inafanywa na KVM, iliyoingia kwenye keneli toleo la 2.6.20, Februari 2007. Kompyuta halisi tunaiita mwenyeji, mashine pepe tunaiita mgeni. Muda mwingi mgeni anatumia prosesa moja kwa moja, kama yuko kwake. Akifikia jambo asiloruhusiwa kulifanya mwenyewe, kwa mfano kugusa kifaa fulani, prosesa inamtoa nje, mwenyeji anashughulikia, kisha mgeni anarudishwa ndani. Akitolewa mara nyingi mno, au akicheleweshwa kila anapotolewa, mashine inakuwa nzito na watumiaji wanaanza kulalamika.

Mwaka 2012 programu ya perf, inayokuja na Linux, iliongezewa amri ya `perf kvm stat` kwa ajili ya kupima hilo. Wazo lake ni jepesi. Keneli inatoa taarifa mbili: `kvm_exit` mgeni anapotoka, na `kvm_entry` anapoingia. Chukua saa ya kuingia, toa saa ya kutoka, jumlisha kwa kila sababu ya kutoka, chapa jedwali. Wazo linaelezeka kwa dakika moja, na ndiyo hatari yake: ukiisoma haraka unaona kila kitu kiko sawa.

Sasa tuseme mwenzako ameandika zana yake ndogo ya namna hii kwa ajili ya mradi, akakuomba uikague. Mimi naanza na maswali matano.

1. Nani anaoanishwa na nani?

Ili kupata muda, lazima kila kutoka kuoanishwe na kuingia kwake. Mwenzako ameweka kumbukumbu hiyo wapi? Akiipanga kwa namba ya prosesa halisi, umepata kosa kubwa. Prosesa pepe ya mgeni, kwa mwenyeji, ni uzi wa programu tu, na keneli inaweza kuuhamisha kutoka prosesa moja hadi nyingine. Mgeni anatoka akiwa prosesa namba 2, anaingia akiwa namba 5, na zana inamwoanisha na mtu mwingine kabisa. Kwenye laptop yenye mgeni mmoja huenda usilione kosa hilo. Kwenye seva yenye wageni wengi jedwali zima linakuwa hadithi. Kumbukumbu ipangwe kwa prosesa pepe yenyewe.

2. Saa ipi, na chombo kina ukubwa gani?

Angalia kama muda umechukuliwa kutoka `CLOCK_REALTIME`. Hiyo ni saa ya ukutani. Mtandao ukiirekebisha inaruka mbele au inarudi nyuma, na unaweza kupata muda hasi. Muda wa kupimia utoke kwenye saa isiyorudi nyuma, mfano `CLOCK_MONOTONIC`.

Kisha angalia aina ya kigezo. Nanosekunde zikiwekwa kwenye namba ya biti 32 isiyo na alama, chombo kinajaa baada ya sekunde 4.29 na kuanza upya sifuri. Mgeni aliyekaa nje sekunde 5 ataandikwa kuwa alikaa kama sekunde 0.7. Hakuna onyo wala rangi nyekundu. Tumia biti 64.

3. Matukio yaliyopotea yako wapi?

Matukio hupita kwenye bafa. Yakija kwa kasi kuliko msomaji anavyoyachota, mengine yanamwagika. Je, msimbo unahesabu yaliyopotea na kumwambia mtumiaji? Na kuingia kumoja kukipotea, inakuwaje? Kama kumbukumbu ya zamani haifutwi pale kutoka kupya kunapofika, zana itachukua ile saa ya kwanza na kuhesabu pia muda ambao mgeni alikuwa ndani akifanya kazi zake. Usiulize kama hili linaweza kutokea. Muombe mwenzako akuonyeshe mstari unaolishughulikia.

4. Wastani unaficha nini?

Chukua kutoka 1,000. Kati ya hizo, 999 zilichukua maikrosekunde 2 kila moja, na moja ilichukua maikrosekunde 8,000. Wastani ni takriban maikrosekunde 10, namba ambayo haikumtokea mgeni hata mara moja! Aliyebofya kitufe kikachelewa alikutana na ile 8,000. Jedwali la perf linaonyesha pia muda mdogo kabisa, muda mrefu kabisa na kiasi cha mtawanyiko. Zana ya mwenzako isichape wastani peke yake.

5. Namba inamaanisha nini?

Hapa ndipo wengi tunateleza, kwa sababu msimbo unaweza kuwa sahihi kabisa na bado ukapotosha. Kwenye prosesa za x86, sababu mojawapo ya kutoka inaitwa HLT: mgeni hana kazi, anaomba kupumzika. Pima mashine isiyo na shughuli, utaona HLT imekula karibu muda wote. Asiyejua atasema, "Jamani, tatizo ni HLT!" na kupoteza wiki mbili akilitibu. Kumbe mgeni alikuwa amelala. Mkaguzi mzuri anaomba HLT itengwe, au angalau maelezo ya jedwali yaseme hivyo waziwazi.

Na vipimo viandikwe. Safu iliyoandikwa "muda" bila kusema ni nanosekunde au maikrosekunde ni kama kununua viazi kwa lumbesa: gunia ni moja, lakini kilo hazijulikani.

Namna ya kusema

Watengenezaji wa Linux hutumiana viraka vya msimbo kwa barua pepe, hadharani. Anayemaliza kukagua anaweza kuweka alama ya `Reviewed-by` pamoja na jina lake. Kwa mujibu wa mwongozo wao, hiyo si dhamana kwamba msimbo hautaharibika. Maana yake ni kwamba amefanya ukaguzi wa kiufundi, ameeleza wasiwasi wake, na anaona mabadiliko yanafaa kuingia. Jina lako linakaa hapo miaka yote. Hebu fikiria "iko poa" yako nayo ingekuwa na jina.

Kwa hiyo sema kwa hoja. Badala ya "msimbo wako mbovu", andika: "Mstari wa 84 unaoanisha kwa prosesa halisi, uzi ukihama, muda utakuwa wa nani?" Hujamtukana mtu, na jibu litapatikana kwenye msimbo, si kwenye mabishano.

Na kabla ya kukubali, njoo na mawe yako. Andika kwa mkono faili yenye matukio sita tu, ambayo majibu yake umeshayapiga kwenye daftari. Weka humo uzi uliohama prosesa, kuingia kumoja kulikopotea, na kutoka kumoja kwa sekunde 5. Lisha zana faili hiyo. Ikikupa majibu ya daftari lako, weka jina. Isipokupa, mrudishie mwenzako pamoja na faili, ili ajionee mwenyewe. Kazi yote ni ya jioni moja, na ni bora aulizwe na wewe kuliko na jopo siku ya kutetea mradi.